Meza Iliyorudishwa: Historia Fupi ya Kubana Mbao

Meza ilirudi Jumatatu asubuhi, juu ya guta lile lile lililoipeleka kwa mwenyewe miezi mitano kabla. Nilikuwa darasa la sita, likizo fupi ya mwezi wa tisa, na kazi yangu pale karakanani Keko ilikuwa kufagia maranda na kuchemsha chai. Mwenye meza, mama mmoja wa Temeke, hakupiga kelele. Alisalimiana na baba, akauliza habari za nyumbani, kisha akaonyesha kwa kidole. Juu ya meza ya mninga ya watu wanane palikuwa na ufa ulioanzia ukingoni ukafika karibu katikati. Baba alitoa sarafu ya shilingi mia mfukoni, akaisimamisha juu ya ufa. Ikapita.

Fedha zilirudishwa kwa mafungu matatu. Meza ikaingizwa nyumbani, ikawa meza yetu, ufa ukafichwa kwa kitambaa. Lakini kwenye vichochoro vya Keko habari haziendi kwa miguu. Kabla ya adhuhuri kila fundi alikuwa amesikia kwamba gundi ya mzee haishiki, na wateja wawili waliokuwa wameacha malipo ya awali walikuja kuulizia "kama kazi imeshaanza".

Mimi nilikuwa na mshitakiwa wangu tayari. Karakana ya tatu kutoka kwetu ilikuwa na klampu za dukani, ndefu, za chuma, zimetundikwa ukutani kwa mpangilio. Sisi tulikuwa na mbili tu, na zote zilichomelewa na fundi wa mageti kwa bomba la mraba na nati kubwa ya lori. Palipohitajika zaidi ya mbili, baba alifunga kamba, akapenyeza kijiti, akasokota mpaka kamba ikalia, kisha akagongea kabari pande zote. Nikaamini kwamba meza ilipasuka kwa sababu haikubanwa vizuri, na haikubanwa vizuri kwa sababu sisi tulikuwa watu wa kamba na kabari. Sikumwambia baba. Ila alipouliza, baada ya kidato cha nne, kama ningependa kukaa naye karakanani mwaka mmoja nikisubiri matokeo, nilisema nitakwenda kwa shangazi Morogoro. Hakuuliza tena. Nikawa mhasibu.

Miaka karibu ishirini baadaye nilinunua klampu. Nilikuwa nimehamia nyumba yenye kibaraza kipana, nikaanza kutengeneza rafu za vitabu siku za Jumamosi, na siku moja nikajikuta dukani nimeshika kitu kizito chenye reli ndefu na mataya mawili mapana yaliyosimama sambamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Bei yake ilinifanya nikirudishe mezani, kisha nikichukue tena. Njiani kurudi nyumbani nikajiuliza swali la kihasibu: nimelipia nini hasa? Jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

*

Tuanze na jambo ambalo fundi hulijua mkononi kabla ya kulijua kichwani. Gundi ya mbao haifanyi kazi kama tope kati ya matofali. Haijazi nafasi, inaingia katika vinyweleo vya mbao zote mbili na kuzishika kwa utando mwembamba sana. Utando ukiwa mnene, kiungo ni dhaifu. Kwa hiyo mbao lazima zisogezwe mpaka zigusane kila mahali, gundi ya ziada itoke, na zikae hivyo bila kutikisika mpaka gundi ishike. Mkono wa binadamu hauwezi kukaa hapo kwa saa nzima. Historia ya klampu ni historia ya kutafuta mkono usiochoka.

Wamisri wa kale walilijua tatizo hili vizuri. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu aliyeishi karibu na mwaka 1450 KK, kuna picha za ukutani za maseremala wakiwa kazini, na kati yao chungu cha gundi kimewekwa motoni. Ilikuwa gundi ya wanyama, iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, ambayo hupakwa ikiwa ya moto na kushika ikipoa. Samani zilizokutwa katika kaburi la Tutankhamun zimepambwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu na vya mti mweusi ambao Wamisri waliuagiza kutoka kusini. Wataalamu wa mbao wameutambua mti huo kuwa ni mpingo, huu huu unaochongwa Mtwara na Lindi.

Lakini pale ambapo nguvu ilihitajika kweli, Wamisri hawakuiamini gundi. Waliamini kamba na kijiti cha mti. Mwaka 1954 karibu na piramidi kuu la Giza ilifukuliwa mashua ya Farao Khufu, iliyozikwa ikiwa imefunguliwa vipande 1,224. Ilipounganishwa tena ilifikia urefu wa mita 43 na zaidi, na haina msumari hata mmoja. Mbao zake za mwerezi zilishonwa kwa kamba za majani zilizopita katika matundu yaliyochimbwa kwa ndani, ili majini mbao zikivimba na kamba zikikaza, chombo kijibane chenyewe.

Niliposoma habari hiyo nilisimama kidogo. Chombo kinachojibana chenyewe kwa kamba si kitu kigeni kwetu.

*

Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki ambaye jina lake halikubaki aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Bandari ya mwisho anayoitaja katika pwani yetu ni Rhapta, na anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwapo hapo. Miaka elfu moja na mia nne baadaye, mwaka 1498, Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walifika Msumbiji na kuandika jambo lilo hilo kwa mshangao: vyombo vikubwa, na mbao zake zimeshikwa kwa kamba, bila misumari.

Chombo hicho sisi tulikiita mtepe. Mbao zilitobolewa pembeni, zikapachikwa vijiti vya kuzizuia zisiteleze, kisha zikashonwa kwa kamba ya usumba, nyuzi za kumbi la nazi lililolowekwa mpaka likalainika na kupondwa. Kamba ilivutwa kwa nguvu zote, na ikiwa bado imekaza, tundu likazibwa kwa kijiti ili isilegee. Tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ya mwisho ilipotea majini mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2003 mafundi walijenga mfano wake ndani ya Beit al Ajaib, Zanzibar, ili watu wasisahau. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Kuna jambo moja katika mtepe linalostahili kutazamwa na seremala yeyote. Kamba haishiki mbao kwa ukaidi. Chombo kikipigwa na wimbi au kikikaa juu ya mchanga maji yakitoka, kamba hujinyoosha kidogo, mbao husogea kidogo, kisha vyote hurudi. Kubana kwa mafundi wale kulikuwa na pumzi ndani yake. Nililiandika neno hilo, pumzi, pembeni mwa daftari, bila kujua bado lingenifaa wapi.

*

Kamba na kabari zina kasoro moja: ni vigumu kuongeza kidogo. Kabari ukiipiga nyundo inaingia inavyotaka yenyewe. Kijiti cha kusokotea kikiponyoka kinaweza kukuvunja kidole. Kilichohitajika ni kifaa kinachokaza polepole, kinachokaa pale ulipokiacha, na kinacholegea unapotaka.

Kifaa hicho ni hesi. Ukichukua mteremko, ule ambao wapagazi hutumia kupandisha pipa kwenye lori, ukauzungushia fimbo, umepata hesi. Kila mzunguko mmoja mrefu wa mkono unasogeza ncha milimita chache tu, na kile ulichopoteza kwa umbali unakipata kwa nguvu. Msuguano wa hesi unafanya kazi ya pili: hauiruhusu irudi nyuma yenyewe. Mkono unaweza kuondoka.

Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza, alieleza mashinikizo ya kukamulia zeituni na zabibu yanayotumia hesi ya mti, pamoja na zana ya kuchongea hesi ya ndani kwenye tundu la ubao. Kitabu chake cha umekanika kingepotea chote kama si mtu mmoja, Qusta ibn Luqa, msomi wa Baalbek aliyekitafsiri kwa Kiarabu katika karne ya 9. Nakala ya Kigiriki haikubaki. Ya Kiarabu ndiyo iliyobaki. Kila anayekaza klampu leo ana deni dogo kwa mtafsiri.

Lugha yetu nayo imetunza risiti za safari hizi. Msumari ni neno la Kiarabu. Randa imetoka kwa Waajemi na Wahindi. Parafujo ni ya Wareno, na kwa kweli hata meza ni yao. Klampu ni ya Waingereza. Karakana moja ya Keko ina bahari nzima ndani yake. Ila kabari, kamba na kibano vilikaa kimya katika pembe zao, kama wazee waliokwisha kuona wageni wengi.

*

Ulaya hesi ya mti ilitumika kwa karne nyingi. Fundi alichonga mikono miwili ya mti mgumu, akapitisha hesi mbili, akapata kibano cha mkono. Kwa mbao ndefu alihitaji kitu kingine. Kati ya miaka 1769 na 1774 seremala wa Paris aitwaye André Roubo alichapisha kitabu kikubwa cha kazi ya useremala, na ndani yake kuna fimbo ndefu ya chuma yenye taya moja lililotulia na jingine linaloteleza. Mafundi wa Kifaransa walikiita kifaa hicho *sergent*, neno lile lile la askari sajenti. Kazi yake ni kukamata. Wajerumani nao huita klampu *Zwinge*, kutoka kitenzi cha kulazimisha. Ukisikiliza majina haya unaelewa jinsi watu walivyoiona mbao: mkaidi anayehitaji kukamatwa.

Chuma kilikuwa ghali na hesi ya chuma ilikatwa kwa tupa na jicho, hivyo hakuna mbili zilizofanana. Karibu na mwaka 1800 Henry Maudslay wa London alitengeneza kerezo la kukatia hesi kwa usahihi. Mwaka 1841 Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vyote vya Uingereza, chenye pembe ya nyuzi 55. Kuanzia hapo nati ya karakana hii iliweza kuingia katika skrubu ya karakana ile. Nati ya lori kwenye klampu ya baba, iliyopata skrubu yake kwenye lundo la vyuma chakavu, ni mjukuu wa mapendekezo hayo.

Viwanda vikafuata. Mwaka 1889 Max Bessey alianzisha karibu na Stuttgart kiwanda cha kuvuta vyuma vilaini na vyenye vipimo sahihi. Mwaka 1903 ikaanzishwa Adjustable Clamp Company ya Chicago, iliyojulikana kwa vibano vya mti vyenye hesi za chuma. Mwaka 1936 kiwanda cha Bessey, chenye vyuma vilaini tele, kikaanza kutengeneza klampu. Umbo lililoenea duniani ni lile linalofanana na herufi F: reli moja, mkono mmoja wa juu usiosogea, na mkono wa pili unaoteleza ukiwa na skrubu kwenye ncha.

Hapa ndipo nilipolipata jibu la swali langu la dukani. Jiulize: mkono unaoteleza juu ya reli unajuaje pa kusimama? Hauna pini wala kufuli. Unasimama kwa sababu ukikaza skrubu mkono unalala kidogo, na kwa kulala unaing'ata reli. Klampu ya F inashika *kwa sababu* imekwenda upande. Na kwa kuwa imekwenda upande, nguvu yake haifiki sawasawa. Mikono inafunguka kwenye ncha, kitako cha skrubu kinasukuma kwa pembe, mbao zinainuka katikati au kiungo kinafunguka upande wa chini huku juu kikionekana kimefunga vizuri. Kasoro na uwezo wake ni kitu kimoja.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wahandisi wa Kijerumani walitenganisha vitu hivyo viwili. Walitengeneza taya refu na pana linaloizunguka reli, kiasi kwamba chuma cha ndani bado kinang'ata reli lakini uso wa taya unabaki wima, nyuzi 90 kutoka kwenye reli, kuanzia chini hadi nchani. Bessey waliiita K, kwa neno la Kijerumani la kasha la kabati, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kubana makabati yabaki na pembe za mraba. Modeli ya siku hizi, K Body REVO, imepangiwa nguvu hadi niutoni 8,000, karibu na uzito wa kilo 800. Kampuni nyingine zikafuata, na leo duka kubwa la zana lina aina kadhaa, nyekundu, bluu na kijani.

Yupo pia Mwafrika katika hadithi hii. Ron Hickman alizaliwa Greytown, Afrika Kusini, mwaka 1932, akahamia Uingereza na kuwa msanifu wa magari ya Lotus. Mwaka 1961, akitengeneza kabati nyumbani, alitumia kiti kizuri kama benchi na kukikata kwa msumeno pamoja na ubao. Kutokana na hasara hiyo alibuni benchi la kukunja ambalo meza yake yote ni mataya mawili marefu yanayobana. Kampuni kubwa za zana zilimkatalia. Akaliuza mwenyewe mpaka Black & Decker walipolichukua mwaka 1972 kwa jina la Workmate, na likauzwa kwa mamilioni. Hickman hakuwa na nafasi ya karakana wala mtu wa kumshikia ubao. Alibuni msaidizi.

*

Kwa anayetaka kununua, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kusoma na mengine kwa kuharibu rafu mbili.

Dukani, funga mataya mpaka yagusane, kisha yainue kuelekea mwangani. Mwanga ukipita chini au juu, iache. Fungua kama nusu mita, bana kipande cha ubao ulionyooka, weka skwea kati ya taya na reli. Tazama ikiwa imekazwa. Klampu yoyote husimama wima ikiwa haina kazi. Telezesha taya kwa mkono mmoja: lisogee bila kukwama, na lisianguke lenyewe ukiisimamisha. Shika mpini ukiwa na mikono yenye jasho, maana ndivyo utakavyoushika. Soma urefu kwa makini: unachohitaji ni upana wa kufunguka, na reli yenyewe huwa ndefu zaidi ya hapo. Kwa kuanzia, mbili za sentimita 60 na mbili za mita moja au zaidi zinatosha kazi nyingi za nyumbani. Klampu nne nzuri zinafaa kuliko moja ya fahari. Na za F usizitupe. Ni nyepesi, ni nafuu, na kwa kazi ndogo hazina mpinzani.

Wakati wa kazi, panga kila kitu kikiwa kikavu kwanza. Bana bila gundi, tazama viungo, pima pembe mbili za mshazari. Zikilingana, kasha ni mraba. Kama kiungo hakifungi bila gundi, hakitafunga kwa gundi, na klampu haipo kwa ajili ya kulazimisha ubao uliorandwa vibaya. Nguvu ya klampu hutawanyika ndani ya ubao kwa pembe ya kama nyuzi 45 kila upande, kwa hiyo mbao nyembamba zinataka klampu zikae karibu karibu, au kipande cha ubao mnene kiwekwe pembeni kuisambaza nguvu. Ukiunganisha uso wa meza, weka klampu moja chini na inayofuata juu, zipishane, ili mvuto wa moja uzuie wa nyingine. Weka karatasi kati ya reli na gundi mbichi; chuma, maji na mbao zenye tanini vikikutana huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa. Kaza mpaka uone shanga ndogo za gundi zimejipanga kwenye mstari, basi.

Hilo la mwisho sikulipata kitabuni. Nilikuwa nakaza klampu zangu mpya kwa mikono miwili, meno yamebana, na baba, aliyekuja kunitembelea na kukaa kwenye kiti cha plastiki pale kibarazani, akasema, "Mama, usibane kwa hasira." Baba huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Si lazima ishike, baba?"

"Inataka gundi. Wewe unaikamua yote, itashika na nini?"

*

Siku hiyo nilimwomba meza.

Ilikuwa bado nyumbani kwake, kitambaa juu, mitungi ya maji imekaa pale ufa ulipo. Niliileta kwangu kwa guta. Nilitaka kuifungua, kuibana upya kwa klampu zenye mataya sambamba, na kumrudishia ikiwa nzima. Nakiri kwamba nilitaka pia, kwa namna isiyo ya kiungwana, kuthibitisha.

Niliigeuza miguu juu. Nikachukua tochi na kuufuata ufa kutoka ukingoni. Uso wa meza ulikuwa na mbao sita, na viungo vitano kati yake. Nilivitafuta vyote. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili, kizima. Vyote vitano vilikuwa vimefunga kiasi kwamba nilivitambua tu kwa mabadiliko ya nyuzi za mbao. Ufa ulikuwa sentimita tatu pembeni mwa kiungo cha nne, katikati ya ubao mmoja. Gundi ilikuwa imeshinda. Ubao ndio uliopasuka.

Chini ya meza, kukatisha nyuzi za mbao zote sita, kulikuwa na mihimili miwili, imepigwa gundi na parafujo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo nikaelewa. Ubao hauongezeki wala kupungua urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana wake unakwenda na hewa. Meza ile iliunganishwa mwezi wa nne, katikati ya masika, mbao zikiwa zimejaa unyevu wa Dar es Salaam. Kufika mwezi wa tisa hewa ilikuwa imekauka, na nyumba ya yule mama ilikuwa na kiyoyozi. Mbao zote zilitaka kusinyaa kwenda katikati. Mihimili, ambayo nyuzi zake zilikwenda upande mwingine, haikukubali. Hata mninga, unaosifika kwa utulivu wake, una kiwango cha kuvumilia, hasa ukiwa haujakaushwa vya kutosha. Uso wa meza ulikosa pa kusogea, ukachagua pa kupasukia.

Kamba na kabari za baba zilikuwa zimefanya kazi yake. Klampu bora kuliko zote duniani zisingeiokoa meza ile. Ilibanwa vizuri mno mahali ambapo ilitakiwa kuachiwa.

Nilimpigia simu. "Shikamoo baba. Gundi ilishika."

"Marahaba. Najua."

"Ni mihimili ya chini. Ulipiga gundi."

Akanyamaza kidogo. "Yule mama alikuwa na haraka, ilikuwa ya send-off ya binti yake. Mbao zilikuwa mbichi bado. Nikasema nizifunge sana zisicheze." Kisha akasema, "Niliona siku ile ile ilivyorudi. Nilipoweka shilingi."

Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Aliwaacha watu waseme gundi ya mzee haishiki, kwa sababu kueleza mbele ya mteja kwamba ubao ulikuwa mbichi kungesikika kama kujitetea. Na mimi, niliyekuwa nimesimama pale na ufagio, sikuwahi kuuliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja na klampu zake mbili za bomba la mraba. Tuliichana ile mihimili kwa patasi, tukaupasua ule ubao mpaka mwisho kwenye mstari wa ufa, tukaranda kingo mbili, tukabana: zangu mbili chini, zake mbili juu, zikipishana. Zake zililala kidogo zilipokazwa, na zangu zikaurudisha uso ukawa bapa. Mihimili mipya hatukuipaka gundi. Tundu la katikati tulilitoboa duara, na yale ya pembeni tukayafanya marefu kama tundu la kifungo, ili parafujo ishike kwenda chini na iruhusu kwenda upande. Baba alikaza ya mwisho kwa bisibisi, kisha akairudisha nyuma robo mzunguko.

Meza iko kwangu sasa. Masika hii nilipima upana wake: umeongezeka milimita nne tangu mwezi wa tisa. Nimeandika tarehe na kipimo kwa penseli upande wa chini, na nimeacha nafasi ya kuandika tena.